Kiazi cha Uani: Zao Lisilo na Amri katika Historia ya Kindu

1. Utangulizi

Anayesoma historia ya kilimo katika Maniema hukutana kwanza na mpunga, kisha pamba. Mpunga una wafanyabiashara wake waliotoka pwani. Pamba ina watawala wake wa Kibelgiji. Mazao yote mawili yana tarehe, amri, maghala na hesabu. Lakini mtu akipita leo katika mitaa ya Kindu na kukaribishwa ndani ya parseli, yaani kiwanja chenye nyumba na ua wake, haoni pamba wala mpunga. Aghalabu huona matuta machache ya viazi vitamu nyuma ya jiko, mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo na majivu ya mekoni. Zao hilo lisiloandikwa ndilo linaloshughulikiwa katika makala haya.

Swali letu ni hili: Kwa nini kiazi kitamu kilijipatia makao katika bustani ya nyumbani ya Kindu, hali kiazi cha kizungu, ambacho wenyeji wa mji hukipenda na kukinunua kwa bei kubwa, kimebaki mgeni? Jibu la haraka ni joto, nalo si jibu la uongo. Hata hivyo, tunadai kwamba halitoshi. Tofauti kubwa baina ya mimea hii miwili iko katika jinsi inavyopandwa, na kwa hiyo katika swali la nani anayeshika mbegu. Ili kuonyesha hayo tutawaita mashahidi watatu: msamiati wa Kiswahili, maandishi ya wasafiri na watawala, na bustani yenyewe.

2. Ushahidi wa jina

Tuanze na lugha. Neno kiazi, ambalo katika sehemu nyingi za Kongo ya mashariki husikika katika wingi kama biazi, hutumika kwa mimea isiyo ya ukoo mmoja. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa wa mmea utambaao. Kiazi cha kizungu si mzizi bali ni shina lililovimba chini ya ardhi, ndiyo maana lina macho. Nacho ni cha ukoo mmoja na nyanya na biringani. Kiazi kikuu nacho ni cha ukoo wa tatu. Lugha imeiweka mimea hiyo mitatu chini ya jina moja, kisha ikaitenganisha kwa vivumishi. Vivumishi hivyo ndivyo vinavyotupa historia.

Tutazame kwanza kikuu. Kivumishi -kuu hutajwa penye ukubwa wa umbo, lakini pia penye ukubwa wa daraja na umri. Baadhi ya aina za viazi vikuu ni za asili ya Afrika, na zililiwa hapa kabla ya mmea wowote kuvuka bahari kutoka Amerika. Yamkini, basi, mwenyeji ndiye aliyekuwa na jina tupu. Alipofika kiazi kitamu, baada ya Wareno kuunganisha bandari za Amerika na za Afrika katika karne ya 16, mgeni alienea mno hata akalitwaa jina hilo, na mwenyeji akalazimika kuongezewa kivumishi ili atambulikane. Kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zinathibitisha hali hiyo: kiazi bila nyongeza ni kiazi kitamu, na kile kingine huitwa kiazi cha kizungu au kiazi ulaya.

Baadaye mambo yaligeuka tena katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Mtu akiagiza viazi mkahawani Nairobi au Dar es Salaam huletewa viazi mviringo, na kiazi kitamu ndicho kinachohitaji sasa kuelezwa kuwa ni kitamu. Katika nyumba za Kindu mageuzi hayo hayajakamilika. Mama akisema anakwenda kuchimba viazi, hakuna anayeuliza ni viazi gani. Kwa kile kingine watu husema kiazi cha kizungu, au hutumia moja kwa moja jina la Kifaransa, pomme de terre. Jina tupu hubaki kwa mkazi. Kivumishi hubaki kwa mgeni.

Majirani zetu wanatupa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Katika Kinyarwanda kiazi kitamu ni ikijumba, na kiazi cha kizungu ni ikirayi, neno linalofanana na Uburayi, yaani Ulaya. Kirundi husema ibiraya, na Ulaya ni Buraya. Huko Zanzibar mbatata ni kiazi cha kizungu. Katika Kichewa cha Malawi mbatata hiyo hiyo ni kiazi kitamu. Chanzo cha majina hayo mawili ni batata la Kireno, lililotokana na lugha ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambako lilikuwa jina la kiazi kitamu. Kwa hiyo Mchewa amehifadhi maana ya kale, na Mzanzibari amepokea maana iliyobadilika. Ni dhahiri kwamba jina la chakula husafiri kwa njia yake, na si lazima liandamane na mmea wake.

Neno jingine linafaa kutajwa, nalo ni matembele, majani ya kiazi kitamu yaliwayo kama mboga. Hutumika Dar es Salaam, Kindu na hata Kinshasa. Kiazi cha kizungu hakina jina kama hilo, kwa sababu majani yake yana sumu na hayaliwi. Tofauti hiyo, inayoonekana kuwa ndogo katika kamusi, tutaikuta tena mbele yetu wakati wa vita.

3. Soko la Nyangwe

Shahidi wa pili ni maandishi. Mwezi Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, kusini ya mahali ambapo baadaye ulijengwa mji wa Kindu. Kilichomvutia zaidi kilikuwa soko, lililokusanya watu kwa maelfu, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi wakiwa na mizigo ya vyakula. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, naye akaacha orodha ndefu ya bidhaa za soko hilo: viazi vitamu, mahindi, ufuta, maharagwe, muhogo, karanga, ndizi, miwa, samaki wabichi na wakavu, chumvi, kumbikumbi na vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya utawala wowote wa Ulaya katika Maniema, kiazi kitamu kilikuwa tayari bidhaa ya kawaida, mikononi mwa wanawake.

Wanawake hao hao ndio walioshambuliwa tarehe 15 Julai 1871, pale watu wenye bunduki kutoka katika kundi la wafanyabiashara walipofyatua risasi sokoni. Makadirio aliyopewa Livingstone yalikuwa ya watu kati ya 330 na 400 waliokufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Tukio hilo hutajwa katika vitabu vya historia kama ushahidi wa ukatili wa biashara ya watumwa, na ni haki litajwe hivyo. Lakini mara chache huulizwa ni nini kilichokuwa ndani ya vikapu vilivyoachwa ufukoni. Vikapu hivyo vilikuwa mazao ya mashamba na bustani ambazo hakuna msafiri aliyekwenda kuzitazama.

Waungwana, ambao jina lao lilizaa jina la Kingwana, lahaja yetu, walileta zao lao wenyewe, nalo ni mpunga. Katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, msomaji hukuta pembe, vita na safari; kilimo hupita pembeni. Picha ya mashamba yao tunaipata kwa adui. Sidney Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliingia Kasongo baada ya mji huo kutekwa mwezi Aprili 1893, na katika kitabu chake cha mwaka 1897 alieleza mashamba ya mpunga yaliyochukua muda mrefu kuyapita, pamoja na bustani za michungwa, mikomamanga, mipera na mananasi. Mashamba ya aina hiyo yalihitaji watu wengi waliofanya kazi bila hiari. Mpunga wa Maniema ulizaliwa katika nguvu ya bunduki, ijapokuwa leo ni fahari yetu sote.

4. Mji wa reli na mazao ya amri

Kindu yenyewe ni mji wa reli. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya Baron Empain ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, na mwishoni mwa mwaka 1910 njia ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa ili kukwepa maporomoko ya Lualaba. Mji ukaitwa Kindu-Port-Empain. Hapa meli zilizotoka kaskazini zilikutana na treni zilizotoka kusini, na hapa walikusanyika makarani, wapakiaji, mabaharia na wafanyakazi wa reli, wengi wao wakiwa mbali na ardhi ya wazee wao. Mtu wa namna hiyo hana shamba la urithi, ana ua. Tunaelekea kuamini kwamba hapo ndipo bustani ya nyumbani ya Kindu ilipopata maana yake ya pekee: ndiyo shamba la asiye na shamba.

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kilimo cha lazima. Kila mwanamume wa kijijini alitakiwa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka kwa mazao yaliyochaguliwa na utawala. Katika Maniema hayo yalikuwa hasa pamba na mpunga. Amri ilikuja na msimamizi, bei iliyopangwa, faini na kifungo. Mazao ya amri yalijaza madaftari, na madaftari yamejaza vitabu vya historia. Tuta la viazi nyuma ya jiko halikuwa na daftari. Halikupimwa, na ukimya huo umetufanya tudhani kwamba halikuwapo, au kwamba halikuwa na uzito.

5. Mgeni wa milimani

Kiazi cha kizungu kilianza safari yake katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, kikafika Ulaya katika karne ya 16, na kikaletwa katika nyanda za juu za Maziwa Makuu na wamisionari na maofisa wa kikoloni kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Huko kilikuta baridi kiliyoizoea. Milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero katika Kivu ya Kaskazini, pamoja na Rwanda ya kaskazini, imekuwa nchi yake ya pili. Mwaka 1982 Burundi, Rwanda na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ziliunda mpango wa pamoja wa utafiti wa zao hilo, uliojulikana kama PRAPAC. Kiazi cha kizungu, basi, kina taasisi, vituo na wataalamu.

Kindu iko chini kidogo ya mita 500 juu ya bahari, karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Kiazi cha kizungu huzaa vizuri joto likiwa kati ya digrii 15 na 20. Usiku ukizidi digrii 20 mmea huendelea kustawisha majani na kusahau kuzaa chini. Mwandishi wa makala haya alitaka kujionea. Alichukua viazi vilivyochipua kutoka katika mzigo ulioshushwa uwanja wa ndege, akavikata kila kipande kikiwa na macho mawili, akavipanda katika parseli yake mwanzoni mwa mvua. Majani yalipanda kwa uzuri wa kuwavuta majirani. Baadhi ya mashina yalinyauka ghafla, yakiwa bado mabichi, kama inyaukavyo nyanya. Yaliyobaki yalipochimbwa yalitoa viazi vya ukubwa wa kokwa la mchikichi, na jumla yake ilikuwa pungufu ya mbegu iliyopandwa. Jirani mmoja, mama mtu mzima, aliuliza kwa upole kwa nini tumezika chakula.

Swali hilo lilitufunza zaidi kuliko jaribio lenyewe. Anayepanda kiazi cha kizungu huzika kitu ambacho angeweza kukila. Kwa kawaida huhitajika mbegu ya karibu tani 2 kwa hekta, yaani kilo 2 kwa bustani ya mita 10 za mraba. Na mbegu hiyo, katika nchi ya joto, huoza au huingiwa na magonjwa kabla ya msimu mwingine, hata mpandaji akalazimika kununua tena kutoka milimani. Anayepanda kiazi kitamu hazikI chakula. Hula mzizi, kisha hukata vipande vya shina litambaalo, ambalo Watanzania huliita marando, vya urefu wa karibu sentimita 30, akavichomeka katika tuta. Mbegu yake ni kile kinachobaki baada ya kula. Tena haiuzwi dukani: huombwa kwa jirani, hupewa binti aolewapo, hubebwa katika kitambaa kilicholoweshwa kutoka kijiji hadi kijiji. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huhifadhiwa hai kwa maji ya jikoni. Mlinzi wa mbegu hiyo ni mwanamke mwenye jiko.

Kwa hiyo hata kama joto la Kindu lingepungua, bado pangekuwa na pengo baina ya zao linalomtegemeza mkulima kwa muuza mbegu na zao linalomwachia mbegu mikononi mwake.

6. Miaka ya mzingiro

Mwezi Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, waliosaidiwa na jeshi la Rwanda. Vijijini vilikuwako vikundi vya Mai-Mai. Reli ya kusini ilisimama, na mji ambao maisha yake yalitegemea treni ukabaki na ndege chache ambazo watu wa kawaida hawakuwa na uwezo wa kuzilipia. Hali ilikuwa mbaya kupita kiasi mwaka 2002, pale Mai-Mai walipouzunguka mji. Wenye mashamba nje ya mji hawakuweza kuyafikia. Wanawake waliothubutu kushika njia walikabili risasi, kuporwa na kunajisiwa, na watendaji walikuwa katika pande zote za vita. Njaa iliingia katika mji ambao pande zake zote ni ardhi yenye rutuba na mvua.

Tukitazama bustani ya nyumbani kwa macho ya wakati huo, sifa za kiazi kitamu tulizozitaja huacha kuwa mambo ya ilmu ya mimea tu. Mpunga unahitaji shamba kubwa, msimu, na ghala ambalo askari hulijua mlango wake. Muhogo, mlinzi wa kale wa familia, ulikuwa umebaki shambani, ng'ambo ya mstari wa mapigano. Kiazi cha kizungu kilikoma kuja. Kiazi kitamu kilimea uani. Baada ya majuma machache kilitoa matembele. Baada ya miezi mitatu hadi mitano kilitoa mizizi. Na mizizi hukaa ardhini, huchimbwa miwili mitatu kwa siku, isionekane ghala wala gunia la kuporwa. Zaidi ya yote, familia iliyokula mzizi wa mwisho haikuwa imekula mbegu. Tuta lilikuwa bado na shina, na shina lilikuwa bado na kesho.

Hatusemi kwamba viazi viliiokoa Kindu. Watu wengi walikufa, na ua wa mita chache hauwezi kulisha watoto sita. Tunasema jambo dogo zaidi ambalo tunaweza kulitetea: katika miaka ile, miongoni mwa mazao yote ambayo historia ya Maniema imeyaandika, zao lililokuwa karibu na mkono wa mama lilikuwa lile ambalo haikuliandika.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba jina tupu la kiazi limebaki kwa kiazi kitamu katika nyumba za Kindu kwa sababu ndicho kiazi kilichokaa. Tumeona pia kwamba kukaa huko hakukutokana na hali ya hewa peke yake, bali na uhuru wa mbegu yake, ambayo wanawake waliishika kabla ya msafiri wa kwanza kufika Nyangwe na wangali wanaishika.

Ipo kazi inayotungoja, nayo ni kazi ya wanaisimu kabla haijawa ya wanahistoria. Aina za viazi vitamu huitwa kwa majina ya watu waliozileta, ya mahali zilikotoka, au ya sifa zao. Nchini Uganda, kwa mfano, iko aina maarufu iitwayo Tanzania. Jina hilo peke yake ni hati ya safari. Sasa aina mpya zinaenea Afrika, hasa zile zenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A, ambazo ziliwapatia watafiti, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016. Zina manufaa makubwa kwa afya ya watoto, nasi tunazikaribisha. Lakini kila aina mpya ipandwapo katika tuta dogo, aina moja ya zamani huondolewa, na jina lake huondoka nayo.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wetu wa Kiswahili, wanapokwenda kukusanya methali na ngano, waulize pia maswali matatu katika kila ua: Kiazi hiki kinaitwaje? Nani alikupa shina lake? Alikupa lini? Majibu yake hayatahitaji safari ya kwenda kwenye makavazi ya Brussels. Yako nyuma ya jiko, na wanaoyajua wanazeeka.